Mume wangu alikopa kuninunulia laptopu, nami natamani kuiuza

Shikamoo Mama,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Dar es Salaam. Kazi yangu ni kupiga picha na video za harusi, sendofu na kicheni pati. Huu ni mwaka wangu wa tisa katika kazi hii, na ndiyo inayolipa ada za watoto na nusu ya kodi ya nyumba. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Ni mtu mpole na ninampenda. Nataka ulijue hilo kabla hujasoma yanayofuata.

Kwa miaka saba nimefanya kazi na laptopu moja ya mwaka 2015, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ubavuni ilikuwa na kila nilichohitaji: tundu la memori kadi, tundu la HDMI la kupelekea picha kwenye projekta, matundu mawili ya USB ya kawaida, na chaja ilikuwa na tundu lake peke yake. Nikirudi kutoka ukumbini saa nane za usiku, natoa kadi kwenye kamera, naichomeka kwenye laptopu, nachomeka na diski ya nje, naanza kunakili, nalala. Asubuhi kila kitu kipo. Mwaka jana betri yake ilivimba hadi kibodi ikainuka. Fundi akaibadilisha, lakini tangu hapo ikawa inazima yenyewe katikati ya kazi. Mume wangu alikuwa anaona ninavyohangaika.

Siku ya kuadhimisha ndoa yetu akaniletea boksi. Alikuwa amekopa kwenye SACCOS ya kazini kwao shilingi milioni 3 na laki 4, na atakatwa mshahara kwa miezi 24. Hakuniuliza lolote kwa sababu alitaka iwe sapraizi. Nililia, Mama, nikamkumbatia. Usiku ule ule nikaigeuza ili nichomeke kadi, ndipo nikaona. Ina matundu mawili madogo ya USB-C, yote upande wa kushoto, na tundu la spika za masikioni. Hakuna kingine.

Sikumwambia kitu. Kesho yake nilikwenda Kariakoo nikanunua habu, kile kijisanduku chenye matundu mengi, kwa shilingi elfu 35. Tangu siku hiyo sina amani. Habu inapata moto hadi naogopa kuigusa. Kipanya changu kisicho na waya kinakwamakwama nikichomeka diski, na Wi-Fi inakatika. Nilinunua diski mpya ya SSD nikaiunganisha kwa waya uliokuja na chaja, maana vichwa vyake vinafanana, na kadi ya GB 64 inachukua nusu saa kunakilika. Kwenye harusi moja kamati iliniomba nioneshe picha za utotoni za maharusi kwenye skrini kubwa. MC ameshaita, watu wametulia, nikaona betri imebaki kidogo, nikachomeka chaja kwenye habu. Skrini yote ikawa nyeusi. Ilirudi baada ya muda, lakini nilisikia watu wakiguna, na mwenyekiti wa kamati alinitazama kwa jicho ambalo mpaka leo nalikumbuka.

Sasa nifike penye maumivu. Mwezi uliopita nilipiga harusi ambayo bibi yake bi harusi aliletwa kutoka Tanga. Ni mzee wa miaka zaidi ya 80. Aliposimama kumwombea mjukuu wake dua, ukumbi mzima ulinyamaza. Nilikuwa mbele yake, hatua kama tatu hivi, na nilijua hicho ndicho kipande watakachokitazama miaka yote.

Usiku nikachomeka kila kitu kwenye habu: chaja imepitia humo, kadi ya kamera kubwa humo, kadi ndogo ya kamera ya pili humo, na diski humo humo. Tundu la pili la laptopu lilikuwa na skrini yangu ya mezani. Kama saa tisa usiku umeme ulikatika, ukarudi baada ya dakika chache. Laptopu haikuzima kwa kuwa ina betri, kwa hiyo sikujali, nikaendelea kulala. Asubuhi nilikuta ujumbe kwamba diski haikutolewa kwa utaratibu. Nikaichomoa, nikaichomeka tena, nikaona mafolda mawili yapo na mafaili yamejaa ndani. Nikamshukuru Mungu. Mchana wake nilikuwa na sendofu, nikafuta kadi zote mbili ndani ya kamera, nikaenda kazini.

Siku nne baadaye nilipokaa kuhariri ndipo nikagundua kwamba folda la kamera kubwa linaishia katikati. Faili la mwisho halifunguki, na yaliyofuata hayapo kabisa. Dua ya bibi haipo.

Bi harusi nimemwambia bado nahariri. Kila Jumatatu ananiandikia, "Dada, dua ya bibi vipi?" Namjibu iko njiani.

Nyumbani nako nimeharibu. Usiku ule nilipogundua, mume wangu aliniuliza kuna nini, nikamwambia, "Hiyo laptopu yako ndiyo iliyoniharibia kazi." Hakujibu. Alitoka akaenda kukaa barazani mpaka nikasikia majirani wanafunga milango. Tangu hapo tunaongea mambo ya watoto tu.

Rafiki yangu ananishauri niiuze kimya kimya. Kuna kijana ameshanipa bei, milioni 2 na laki 2. Nitanunua iliyotumika yenye matundu yote, halafu nitamwambia mume wangu kwamba imeibiwa kwenye daladala. Mwenzangu wa kazi anasema nisiiuze, ninunue tu vifaa vyote vipya vinavyoingiliana nayo. Hela hiyo sina. Na mume wangu bado ana miezi 20 ya kukatwa.

Nifanye nini, Mama? Kila nikiitazama hii laptopu naona mshahara wake, na naona uso wa yule bibi.

Mpiga Picha, Dar es Salaam


JIBU

Marahaba mwanangu.

Kabla ya yote, niambie, ile kadi ya kamera kubwa iko wapi sasa hivi? Kama iko ndani ya kamera, itoe. Iweke kwenye bahasha, andika juu yake "usiguse", na usipige nayo hata picha moja tena. Ukifuta kadi ndani ya kamera, mara nyingi kinachofutika ni orodha ya mafaili tu. Picha zenyewe hubaki pale pale hadi kazi mpya iandikwe juu yake. Wewe umeshapiga sendofu na pengine kazi nyingine, kwa hiyo sehemu fulani imefunikwa na haitarudi. Lakini kama sendofu ile haikujaza kadi yote, na kama dua ilirekodiwa kuelekea mwisho wa kadi, huenda kipande hicho bado kipo.

Kuna programu za kurudisha mafaili, mojawapo ni PhotoRec ambayo ni ya bure. Zipo na za kulipia, na wapo mafundi wanaofanya kazi hiyo tu. Ukijaribu mwenyewe, hakikisha kinachorudishwa unakihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi hiyo hiyo. Nakueleza pia kwamba video ni ngumu kurudisha kuliko picha za mnato, kwa sababu faili lake ni kubwa na vipande vyake vinaweza kuwa vimetawanyika. Siwezi kukuahidi. Nimelitanguliza hili kwa sababu mengine uliyoniandikia yanaweza kusubiri wiki moja, na kadi haiwezi.

Sasa tukae tuongee.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ndani yake mna laptopu, mna mume, na mna bibi wa Tanga. Umevifunga vyote kwa kamba moja, na unatumaini kwamba ukiiuza laptopu vyote vitaachia kwa pamoja. Nakuelewa. Umechoka, unalala vibaya, na kila Jumatatu inapokaribia moyo unakwenda mbio. Mtu akiwa hivyo hutafuta kitu kimoja cha kulaumu. Lakini nataka tuilegeze kamba hiyo polepole, maana nina shaka kidogo kama laptopu ndiyo iliyofanya yote unayoituhumu.

Nilikwenda kumwuliza fundi ninayemwamini. Barua yako sikumwonesha, nilimweleza tu mpangilio wa waya ule usiku. Aliniuliza swali moja: "Chaja ilipitia kwenye habu?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena, "Umeme ulikatika?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa.

Alinieleza hivi. Habu inapopitisha umeme wa chaja, huwa inapatana na laptopu nani anampa nani umeme na kiasi gani. Chaja ikikatika ghafla, au ikirudi, wanaanza kupatana upya. Kwenye habu nyingi za bei ndogo, wakati wa kupatana huko kila kilichochomekwa hukatika kwa sekunde moja au mbili kisha kinarudi. Kwa kipanya hilo si kitu. Kwa diski iliyo katikati ya kuandika, ni kama kukatwa mkono katikati ya kazi. Laptopu yako haikuzima kweli, betri ilishika, na hapo ndipo ulipodanganyika ukaona uko salama. Kilichozima ni habu na vyote vilivyokuwa ndani yake.

Sasa rudi ukumbini, siku ile skrini ilipokuwa nyeusi. Ulikuwa umefanya nini sekunde ile ile? Ulichomeka chaja kwenye habu. Ni jambo lile lile, mwanangu, lilikuonya mapema, ila hukuwa na wa kukutafsiria.

Sikuelezi haya ili nikuhamishie lawama wewe. Nani angekufundisha? Boksi la habu halisemi. Wala boksi la laptopu halikusema kwamba waya wa chaja si lazima uwe waya wa kazi. Na hilo la diski yako kunakili polepole linatoka hapo hapo. Umbo la USB-C ni moja, lakini yanayopita ndani yake ni mengi. Waya mwingi unaokuja na chaja umetengenezwa kwa ajili ya umeme, na upande wa mafaili hupitisha kasi ile ya kizamani ya USB 2, megabiti 480 kwa sekunde kwenye karatasi na pungufu yake kwenye kazi halisi. Upo waya mwingine wenye kichwa kile kile unaopitisha gigabiti 10, na mwingine 40. Ukiiweka mezani mitatu huwezi kuitofautisha kwa macho, isipokuwa ile yenye alama iliyochapwa kichwani. Tafuta waya uliokuja ndani ya boksi la diski yenyewe, ujaribu nao kadi hiyo hiyo ya GB 64, uhesabu dakika.

Na kipanya kinachokwamakwama, na Wi-Fi inayokatika? Vifaa vya USB 3 vikifanya kazi hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, na hapo ndipo vipanya vingi visivyo na waya na Wi-Fi nyingi za nyumbani zilipo. Isogeze habu na diski mbali kidogo na laptopu, na kile kipokeaji cha kipanya usikichomeke jirani na diski. Ni jambo dogo, lakini najua dogo la namna hii linavyomchosha mtu saa nane za usiku.

Kuna kitu kingine nataka ukisikie, kwa sababu katika barua yako umejiona kama mtu asiyeridhika na zawadi. Hauko peke yako, na si deko. Oktoba 2016 Apple walitoa MacBook Pro mpya iliyoondolewa tundu la kadi, tundu la HDMI, USB ya kawaida na chaja ya sumaku, ikabaki na USB-C na tundu la spika za masikioni. Wapiga picha na wahariri wa video, watu ambao kompyuta hizo zilitengenezwa kwa ajili yao, walilalamika sana. Mwezi uliofuata kampuni ilishusha bei ya adapta zake. Ilichukua miaka mitano. Oktoba 2021 walipotoa modeli mpya za inchi 14 na 16, tundu la kadi lilirudi, HDMI ikarudi, na chaja ya sumaku ikarudi. Watu waliosema "hii haitufai kazini" hawakuwa wakorofi. Walikuwa wanaijua kazi yao, kama wewe unavyoijua yako. Wewe hukunitajia laptopu yako ni ya kampuni gani, wala sihitaji kujua. Mtindo wa matundu mawili umeenea kwa watengenezaji wengi.

Mimi mwenyewe nimewahi kukaa ulipokaa. Kabla ya kuandika safu hii nilipanga kurasa za magazeti kwa miaka mingi. Nilikuwa na skana nzuri sana, nzito, niliyoizoea kama jiko langu. Ofisi ilipoleta kompyuta mpya, hapakuwa na tundu lolote la kuipokea skana ile. Ilikuwa nzima, haikuwa na kosa. Iliwekwa dirishani ikawa inabeba chungu cha maua, na mimi kila nikiipita nilihisi kama nimeambiwa kwamba ujuzi wangu nao umewekwa dirishani. Sikuwa na hasira na kompyuta. Nilikuwa na hasira kwamba aliyeichagua hakuja hata mara moja kunitazama nikifanya kazi.

Na hapo, mwanangu, ndipo ninapotaka kukuuliza kuhusu mume wako.

Yeye alikutazama. Aliona betri imevimba, aliona inazima, akaona unahangaika. Alichokosa kukiona ni ubavu wa laptopu, yale matundu, kwa sababu kwa mtu asiyeifanya kazi hiyo ubavu ni mapambo tu. Je, amewahi kukaa nawe usiku hata mmoja unapotoa kadi? Anajua kwamba hizo saa ndizo za hatari kuliko saa zote za ukumbini? Na wewe ulipoona matundu mawili usiku ule wa kwanza, ulinyamaza ili usimvunje moyo. Ilikuwa huruma. Lakini ukanyamaza miezi kadhaa, na alipokuja kusikia neno la kwanza kuhusu laptopu ile, lilikuwa "hiyo laptopu yako ndiyo iliyoniharibia kazi". Kwake lilianguka kutoka mbinguni. Alijua umeifurahia.

Hebu fikiria alichokuwa anakiwaza pale barazani. Miezi 24 ya mshahara ni mirefu kwa mwalimu. Sijui aliwaza nini, na wewe hujui, kwa sababu hamjaongea. Pengine ana hasira. Pengine ana aibu, na aibu ya mwanaume aliyetoa zawadi ikamdhuru mkewe ni nzito kuliko hasira. Kama ni aibu, yale uliyoyasikia leo kutoka kwa fundi wangu yanaweza kumpunguzia mzigo, maana laptopu aliyoinunua haikufuta dua ya bibi.

Sasa tuje kwenye njia ulizonitajia, na mbili ambazo hukuzitaja.

Kuiuza kwanza. Si wazo baya kwa lenyewe. Kuna mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kadi na projekta, na mashine yenye tundu la kadi ubavuni kwake ni raha ya kweli. Lakini piga hesabu pamoja nami. Unapoteza milioni 1 na laki 2 siku hiyo hiyo, na makato yanaendelea kwa miezi 20 kwa kitu ambacho hakipo nyumbani. Kwa milioni 2 na laki 2 utapata iliyotumika, na kama itakuwa ya umri wa ile yako ya 2015, utarudi kwenye betri iliyochoka na mfumo usiopokea tena masasisho. Zipo zilizotengenezwa baada ya watengenezaji kurudisha matundu, lakini bei zake ziulize kwanza dukani, tena kwa maduka zaidi ya moja, kabla hujapokea hela ya yule kijana.

Ukiiuza kwa kusema imeibiwa, hapo nasita kabisa, na nitakwambia sababu bila kukuhubiria. Mwanaume ambaye mali yake imeibiwa kwenye daladala atataka kwenda polisi kuripoti. Atawauliza watu. Atakulaumu kwa kuibeba ovyo, au mbaya zaidi, hatakulaumu, atakufariji. Utaweza kufarijiwa kwa wizi usiotokea? Halafu siku ile ile utaingia na laptopu nyingine, utasema imetoka wapi? Unao uongo mmoja tayari unaokuamsha kila Jumatatu. Nakuomba uupime huu wa pili kwa uzito wa ule wa kwanza.

Kununua vifaa vyote vipya, kama asemavyo mwenzako, kunavutia kwa aliye na hela. Zipo stesheni za mezani, yaani habu kubwa zenye umeme wake zenyewe, imara kuliko habu yako, na ghali. Hata hizo, umeme wa nyumba ukikatika nazo huzima, mpaka uziwekee UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika. Kwa hiyo usidhani ukilipa zaidi basi umeshaepukana na usiku kama ule.

Ambayo hukunitajia ya kwanza ni kubadilisha mpangilio tu, kabla ya kununua au kuuza. Matundu mawili ni machache, lakini hebu tuyatazame saa ya kunakili peke yake. Tundu la kwanza, kisomaji cha kadi chenye kichwa cha USB-C, kinachochomekwa moja kwa moja. Tundu la pili, diski, moja kwa moja. Chaja imechomolewa kabisa, na laptopu imejaa betri tangu jioni. Skrini ya mezani ipumzike. Kadi moja, ikimaliza, ya pili. Umeme wa mtaa ukatike mara ngapi, hakuna kitakachojua. Ukumbini, adapta moja ya HDMI kwenye tundu la kwanza na chaja kwenye la pili, bila habu katikati, na ufike kabla ya wageni uijaribu na projekta yao. Baadhi ya laptopu hutoa picha kwenye tundu moja tu kati ya mawili, kwa hiyo ujue lako ni lipi. Picha za utotoni ziweke pia kwenye flashi umpe DJ, ili siku yako ikiwa mbaya wewe usiwe njia pekee.

Hasara ya njia hii ni kwamba inataka nidhamu saa ambayo mwili wako unataka kitanda. Huwezi kuchomeka vyote ukalala. Itabidi ukae macho, au uamke, au mtu akusaidie. Kwa mama mwenye watoto wawili hilo ni dai kubwa, na sitaki nijifanye ni rahisi.

Ya pili ni kubaki nayo kwa muda mlioukubaliana wewe na mume wako, labda mpaka msimu mmoja wa harusi uishe, kisha mkae muamue pamoja kuiuza au la. Wakati huo itakuwa imeshuka bei zaidi, na hilo ni gharama. Lakini itakuwa imeuzwa na watu wawili wanaojua kwa nini. Kuhusu tundu lenyewe, usiogope kwamba unawekeza kwenye kitu kitakachotupwa kesho. Sheria ya Umoja wa Ulaya inazitaka laptopu mpya zinazouzwa huko kuanzia tarehe 28 Aprili 2026 ziweze kuchajiwa kwa USB-C, na watengenezaji wakubwa hawatengenezi laptopu za Ulaya peke yake. Waya mzuri au kisomaji kizuri utakachonunua sasa utakitumia na mashine ijayo, hata kama hii itaondoka.

Kabla sijaondoka kwenye vifaa, kuna jambo moja nataka niligusie kwa upole. Umenieleza ile laptopu ya zamani kwa mapenzi: unachomeka, unalala, asubuhi kila kitu kipo. Nakubali, usiku ule ingekuokoa. Lakini kwa miaka yote hiyo ulikuwa na nakala moja kwenye diski moja, na kadi ukaifuta. Diski ile ingeanguka sakafuni asubuhi yoyote, tungekuwa tunaongea haya haya, na hapo usingekuwa na tundu la kulaumu. Wapo wapiga picha ambao hawafuti kadi hadi kazi iwe mahali pawili na wamefungua faili la mwisho kwa macho yao. Kadi za ziada zina bei, lakini kazi iliyopotea ni ghali zaidi.

Na bi harusi.

Wiki zinapita, mwanangu, na kila wiki inampa sababu mpya ya kukasirika. Leo angekasirikia umeme na diski. Baadaye atakasirikia kwamba ulijua. Ukimwambia, kuna uwezekano atadai fedha zake, au atakusema kwa watu, na jina ndilo mtaji wako. Siwezi kukuambia hatari hiyo haipo. Ila kuna mlango mmoja ambao unafunguka kwa ukweli tu. Ukumbi ule ulikuwa na watu wangapi? Bibi wa zaidi ya miaka 80 anasimama kuomba dua, ukumbi umenyamaza, na wewe unadhani hakuna simu hata moja iliyoinuliwa? Kundi la WhatsApp la kamati pengine bado lipo. Shangazi, binamu, wasimamizi, mmojawao ana dakika mbili zenye kutikisika, pengine na kichwa cha mtu mbele, lakini sauti ya bibi imo. Huwezi kuziomba video hizo huku unasema yako iko njiani. Ukizipata, picha zako za mnato za wakati ule, kama zipo kwenye sehemu iliyosalimika au kwenye kadi ya pili, unaweza kuziweka juu ya sauti ile, na kwa mkono wako wa miaka tisa itapendeza.

Na bibi yupo. Tanga si mbali. Sisemi uende, maana hilo ni la familia kuamua, na dua ya ukumbini haiombwi mara mbili kwa namna ile ile. Nakukumbusha tu kwamba yupo.

Sijakuambia uuze wala usiuze, umwambie nani kwanza, bi harusi au mume. Wewe ndiye unayewajua. Kama ningekuwa karibu ningekuuliza jambo moja zaidi: harusi yako ijayo ni lini? Ukirudi usiku ule, utaweza kumwamsha mume wako aje akae kando yako wakati kadi ya kwanza inanakili? Mpe kazi ya kuhesabu mafaili, kadi ina mangapi na diski ina mangapi. Mwalimu anajua kuhesabu na kusahihisha. Aone kwa macho yake matundu mawili yanavyotumika, na pengine katikati ya kusubiri mtapata la kuongea ambalo si la watoto.

Niandikie uniambie fundi amekuta nini kwenye kadi. Nitakuwa nasubiri.